Vikonyo vya Mkorosho wa Mama

Kitomanga, Jumanne

Tena kanishukuru mara tatu. Wifi Somoe huyu huyu, aliyeukata mkorosho pacha wa ule wa mama akauchoma mkaa, hata arobaini ya kaka haijasomwa.

Uliobaki kwangu ndio pekee unaozaa yale mabibo ya njano yasiyo na ukakasi. Mama alikuwa akiyakamua, tunakunywa juisi bila sukari.

"Wifi, nimeona upande mmoja umeanza kunyauka," kaniambia leo. "Nipe vikonyo vya matawi mabichi nikabebeshe juu ya miche kwangu, vishikane viote, mbegu ya mama isije ikapotea."

Mbegu ya mama. Mdomo ule ule.

"Kaa unywe chai, wifi," nikamjibu. "Kwa magoti hayo shamba utalifikia lini? Nakwenda kukukatia."

Nikaenda nikakata kwenye mkorosho wa mpakani, ule mwekundu ambao hata nyani wakionja bibo lake wanatema. Nikavifunga vikonyo kwenye kitambaa kilicholowa, taratibu, kama mtu mwema.

Miaka mitatu ataupalilia na kuupulizia dawa. Siku akionja bibo la kwanza mbele ya wajukuu zake nitakuwa nimekaa karibu, niuone vizuri uso wake. Nimecheka peke yangu mpaka alasiri.

Jioni nikapita chini ya mkorosho wa mama kuokota kuni. Upande wa pili nao umeanza. Matawi mabichi yamebaki mawili.

Mimi kubebesha sijui. Hapa kijijini anayejua ni Somoe.