Keki ya Munira

Bupe, mahafali ya darasa la saba yamevunjika. Nakupa yaliyotokea tu.

Mshereheshaji alisema, "Munira, mlishe mama keki." Wakasimama wawili: Hamisa aliyemzaa, na mama wa kambo aliyemlea miaka tisa.

Hamisa akamwambia mwenzake, "Kaa chini wewe, yaya." Yaya, Bupe. Mbele ya wazazi wote.

Yule mama wa kambo akanyakua kisu cha keki, akamchana Hamisa shavu kuanzia sikioni hadi mdomoni. Nilimdaka mkono akiwa ameshauinua tena.

Ratiba niliiandika mie. Niliandika "mama", sikuuliza yupi.

Munira hakulia. Alibaki na kipande cha keki mkononi, akaniuliza, "Mwalimu, sasa nimpe nani?"