Homa Iliyooshwa

Jumanne. Mvua imeunyeshea mji wa Baraka tangu alfajiri na ziwa lina rangi ya jivu. Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, chaji ya simu ikielekea kwisha.

Etabo, mdogo wangu, ana saratani ya damu. Tulipotoka Bukavu alikotibiwa, daktari wa huko alitupa sheria moja: mtoto akishikwa na homa, mleteni hospitali vile vile alivyo, msimpe kitu. Mama yuko Lulimba, anawauzia chakula wachimba dhahabu, kwa hiyo sheria hiyo tumebaki nayo mimi na Koko, bibi yetu.

Leo Etabo aliamka anaungua. Nikakimbia kutafuta pikipiki. Niliporudi, nikakuta Koko ameshamwogesha kwa maji baridi ya majani, amempa parasetamoli, amempaka mafuta na kumvisha shati la kanisani.

"Mutoto wetu haendi kwa baganga ananuka ugonjwa," alisema. "Batasema hana bantu."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mgonjwa hutoka nyumbani akiwa safi, ionekane kwamba ana watu wanaompenda. Nikambeba Etabo hadi kwenye pikipiki. Mimi si mtu wa kujibu.

Hospitalini kipimajoto hakikuonyesha homa. Malaria haikuonekana. Chembe nyeupe za damu zilikuwa chache mno, na muuguzi akatabasamu: ugonjwa wa bakteria ungezipandisha, alisema.

"Koko, huyu iko muzima! Angalia vile anangaa, ni kama bwana harusi. Mumurudishe tu nyumbani."

Koko akacheka kwa fahari.

Mimi nilijua. Shuleni nachukua biolojia na kemia, na tangu Etabo augue nasoma kila ninachopata kuhusu damu. Kwa mtoto kama yeye, chembe hizo haziwezi kupanda, kwa sababu dawa za saratani zimezimaliza. Uchache wake ndiyo hatari yenyewe. Bakteria wanaweza kumwenea mwilini bila usaha wala uvimbe. Homa ilikuwa kengele pekee tuliyokuwa nayo.

Na sisi tuliiosha.

Kuna kipimo kingine, kinaitwa CRP. Ini hutoa protini ambayo hupanda mwili unapovamiwa, hata chembe nyeupe zikiwa hazipo. Nilitaka kukiulizia. Lakini hata darasani, mwalimu akinitaja jina, mimi huinamia daftari. Muuguzi alikuwa ameshaanza kumwita mgonjwa mwingine.

Basi nikaiambia sakafu: "Alikuwa na moto mingi. Koko alimupoza, akamupa na dawa."

Koko aliniangalia kana kwamba nimemvua kitenge mbele ya watu.

Muuguzi aliacha kucheka. Dawa ya kupimia CRP imekwisha hapa, alisema. Akachukua damu nyingine ipelekwe Uvira, akatuambia tungoje.

Mchana homa ikarudi. Etabo alitetemeka hadi kitanda kikalia.

"Yaya, niko nasikia baridi," aliniambia mimi mkubwa wake.

Nilifurahi.

Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Mdogo wangu alikuwa anaungua, na mimi nilifurahi kwamba sasa wataniamini. Furaha ile haikumaliza hata pumzi moja. Sijui itanichukua muda gani kujisamehe.

Daktari hakungoja jibu la Uvira. Alimtundikia antibiotiki hapo hapo, ile moja waliyo nayo. Nimesoma kwamba inatakiwa ianze mapema, homa inapojitokeza tu. Asubuhi yetu yote ilipita tukimtazama mtoto anayeng'aa.

Sasa midomo yake imekauka na hataki hata uji. Kujua kwangu kumemsaidia nini? Ninajua jina la protini ile, na siwezi kumshusha homa hata kidogo.

Koko alikuwa hajasema nami tangu asubuhi. Jioni hii alilowesha kitambaa, akamsogelea Etabo, kisha mkono ukasimama hewani.

"Weye unasomaka," aliniambia, bila kunitazama. "Hiyo damu iko inasema nini?"

"Bado, Koko. Haiyarudi."

"Na mi nifanye nini?"

Dawa ilikuwa imeshaanza kuingia. Kitambaa kisingeficha kitu tena. Nilipaswa kumwambia ampoze tu mtoto wake, na neno halikutoka.

Alingoja. Halafu akakikunja kile kitambaa, akajifunika nacho macho.

Kesho namba ya CRP itafika kutoka Uvira. Ikiwa kubwa, ni nani atakayemwambia Koko maana yake, kama si mimi?