Nukta Nyekundu kwenye Tairi la Nyuma

Kigali, Jumapili mchana

Shikamoo Baba,

Na shikamoo ya pili mpelekee Mama kabla hujaikunja barua hii ukaitia mfuko wa ovaroli, maana nakujua, itakaa humo mpaka ifuliwe. Mgongo unaendeleaje? Na ile mashine yako ya upepo, bado inakohoa, au hatimaye umekubali kuibadilisha mkanda? Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na tumbo limeshazoea chakula cha huku. Ugali wanauita kawunga na kisamvu wanakiita isombe, lakini ukishakaa mezani ni mambo yaleyale ya Kahama.

Juzi uliniuliza kwenye simu mbona sauti yangu wiki hii ni ya mtu aliyemeza msumari, nami nikakujibu ni mafua. Haikuwa mafua, Baba. Nilikuwa na jambo, na jambo lenyewe linakuhusu na wewe. Ndiyo maana nimeliandika na kumpa Shija, yule dereva wa lori anayekunywa chai kijiweni kwako kila akirudi kutoka huku. Kwenye simu nisingeweza, kwa sababu unaweka spika na mtaa mzima unasikiliza. Kaa kwanza kwenye benchi lako. Hakuna aliyekufa.

Unakumbuka nilikuja kwa majaribio ya miezi mitatu. Gereji yetu haiko mbali na Sonatubes, pale njia zinapokutana na pikipiki hazikupi nafasi ya kupumua. Bosi wetu, Bwana Gasana, ni Mnyarwanda aliyekulia Kampala, mtu wa maneno machache na macho mengi. Huku huwezi kutundika tairi kuukuu barabarani likawa bango kama lako, utaitwa ujieleze uchafu huo ni wa nani. Kila kitu ndani, kila kitu kimepangwa. Wiki ya kwanza nilifagia mpaka nikadhani nimeajiriwa kufagia.

Mwezi wa tatu ulipoanza, bosi akiwa ametoka, akaingia mama mmoja na gari la kijivu. Anaitwa Mama Beata, nesi mstaafu, Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha kwetu. Tairi lake la nyuma kushoto lilikuwa linapunguza upepo polepole. Nikalitia kwenye maji, mapovu yakatoka pembeni, pale rimu ilipoliwa na kutu. Sasa niambie, mtoto uliyemlea wewe afanye nini hapo? Nikajisemea maneno yako: "Tyubu haina unafiki." Nikang'oa valvu pamoja na kidude cheusi kilichoning'inia kwa ndani, nikatia tyubu, nikajaza, nikapima. Halafu nikaweka alama yetu ya nyumbani, nukta nyekundu ya rangi ya kucha kwenye shina la valvu. Mama Beata akanishukuru, akaondoka, nami nikapiga mluzi siku nzima.

Wiki haikuisha akarudi. "Mwanangu, kuna taa ya njano imewaka. Ina mchoro wa sufuria, na ndani yake alama ya mshangao."

Taa hiyo ni ya upepo wa matairi, Baba, magari ya siku hizi yanayo. Tairi likipungua upepo, gari lenyewe linamwambia dereva. Basi nikapima yote manne, yamekaa sawasawa. Nikaongeza kidogo, kwa heshima tu. Baada ya siku tatu huyo amerudi, taa inawaka. Nikapunguza. Akarudi. Nikajaza tena asubuhi na mapema matairi yakiwa bado baridi, kama ulivyonifundisha. Akarudi! Safari hiyo alikuwa ameibandika taa plasta ya kidonda ili asiione.

"Miaka yote wodini nimejifunza jambo moja," akaniambia. "Homa ikikataa kushuka unabadilisha dawa. Ikikataa tena, unabadilisha daktari."

Maneno hayo bosi aliyasikia. Mama Beata ndiye anayetuletea manesi wenzake wote na magari yao, kwa hiyo akiondoka yeye haondoki peke yake. Bwana Gasana akafungua daftari la kazi kuona nani aligusa gari lile siku ya kwanza. Akakuta jina langu kwenye pancha, na jina la Deo kwenye redio.

Deo ni fundi umeme wetu, kijana wa Bujumbura. Ndiye aliyenifundisha kusalimia kwa Kinyarwanda bila kuchekwa, na ndiye aliyeniambia kwamba kwenye pikipiki si lazima nimkumbatie dereva. Mkewe ana mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Siku ile ya tairi, Deo naye alifunga redio mpya kwenye gari la Mama Beata. Bosi akaweka hesabu yake pamoja: taa ni umeme, redio ni umeme, mwenye umeme ni Deo.

"Upepo tumejaza mpaka tumechoka," akasema. "Hii ni mawaya. Deo, ikipatikana ni wewe ulikata waya, Ijumaa unachukua vyombo vyako unaenda."

Deo alikwenda akakaa nyuma ya gereji, akala muhogo wake peke yake. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kula wangu. Na wakati wote huo, Baba, naapa sikujua. Nilidhani kweli ni nyaya.

Alhamisi Deo akaazima mashine ya kusomea magari kwa rafiki yake, akamwomba Mama Beata alete gari. Akabandua plasta, akawasha, akatulia akiitazama taa. Sisi wengine huwa tukiiona tu tunakimbilia mpira wa upepo. Yeye hakukimbia.

"Kabula, kuya uone," akaniita. "Iko napepesa."

Kweli, taa ilikuwa inapepesa. Ikapepesa kama dakika nzima, kisha ikatulia ikawaka moja kwa moja.

"Ingekuwa upepo kidogo, ingewaka tu," Deo akasema. "Kupepesa kwanza ni kusema, kuko tairi moja mimi siisikii."

Ndipo aliponieleza. Ndani ya kila tairi la gari lile kuna sensa, kidude kinachopima upepo na kulitumia gari habari. Akachukua mashine, akaisogeza tairi la mbele kulia, ikalia pii. Mbele kushoto, pii. Nyuma kulia, pii. Tukaenda nyuma kushoto. Kimya. Akajaribu tena. Kimya.

Bosi alikuwa amekuja, amesimama hatua tatu kutoka kwetu, mikono nyuma. Deo akachuchumaa, akaisogelea valvu.

"Na hii kidoti nyekundu ni nini?"

Baba, hapo nikaelewa. Nikakiona kile kidude cheusi nilichoking'oa, nikaona mikono yangu mwenyewe ikiking'oa, na mluzi juu. Katika nchi nzima ya Rwanda, mtu pekee aliyejua nukta ile ni nini ni mimi. Ningesema sijui, wangedhani gari limetoka nayo kiwandani. Zilikuwa zimebaki wiki mbili majaribio yangu yaishe. Nilikuwa nimeshamwahidi Mama kwamba nikisaini mkataba nitamleta huku aje kutibiwa macho. Nakuambia kweli, niliitaka sana ile "sijui". Ilikuwa imeshafika ulimini.

Halafu nikakusikia wewe. Si kwa mambo ya ndoto, nilikumbuka tu. Nilikuwa na miaka kumi, nikakuuliza kwa nini unapaka matairi rangi ya kucha ya Mama, wenzio wanakucheka. Ukasema, "Fundi asiyetia alama anajiachia mlango wa kukana."

"Ni yangu," nikasema. "Ni kazi yangu. Nyaya za Deo hazina kosa. Sensa niliitoa mimi, nikatia tyubu."

Bosi akaamuru tairi lifunguliwe. Nikalifungua mwenyewe, kwa pupa hadi nikajikata kidole, tyubu ikatoka. Akaitazama utadhani anamtazama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Hii ni namna ya wapi?"

"Kahama."

"Na nani alikufundisha?"

"Baba yangu."

Hapo nilikukasirikia, Baba. Nilikukasirikia kwelikweli, nikajiuliza ni mambo mangapi mengine umenifundisha ambayo yanangoja kuniumbua. Nisamehe. Hasira yenyewe haikudumu, kwa sababu bosi aliuliza swali la pili.

"Sensa yenyewe iko wapi? Ulitupa?"

Nilikuwa karibu kusema ndiyo, maana nani anaweka takataka? Nikakumbuka kopo langu. Unajua nina kopo la maziwa ya unga, kama lako tu, la vitu visivyo na kwao. Nikalimwaga juu ya benchi. Nati, skrubu, pete za mpira, kifuniko cha sijui nini, na katikati yake kile kidude cheusi, kizima, na valvu yake. Deo akakibusu na grisi yake.

"Kwa nini ulikiweka?" bosi akauliza.

Nikamwambia nyumbani kuna sheria: usitupe kitu usichokijua jina. Ikawa mara ya kwanza kumwona Bwana Gasana akicheka. Si sana. Upande mmoja wa mdomo.

Tukasugua kutu kwa brashi ya waya, tukapaka rimu gundi yake, tukarudisha sensa mahali pake, tukajaza. Mama Beata akawasha. Taa ikapepesa, ikawaka. Deo akasema tuliendeshe kwanza, sensa ilikuwa imelala inahitaji kuzunguka ndipo iamke. Tukaingia wote wanne, mimi mbele. Kama kawaida yangu kwanza nilikosea nikaenda mlango wa dereva, maana huku usukani uko kushoto na bado sijazoea. Tukapita Sonatubes, taa inawaka. Tukapanda, inawaka. Mimi sikutazama barabara hata kidogo, nilitazama ile sufuria ya njano nikiiomba kama inasikia. Karibu na soko la Kimironko, kina mama wanavuka na ndizi zao, ikazimika.

"Homa imeshuka!" Mama Beata akapiga kelele, akasimamisha gari pembeni. Akatoa plasta mpya kwenye mkoba, akanibandika kwenye kidole. Nikalia, Baba. Sijui kwa nini hapo, lakini nililia na kucheka pamoja, na Deo naye akawa ananipiga mgongoni akisema, "Basi, sha, basi." Hiyo "sha" yao ni kama "mwenzangu" yetu.

Bosi alisema maneno mawili tu tuliporudi. La kwanza: hakuna tyubu tena bila kumuuliza. La pili alilitoa kwa kuchelewa, jioni wakati wa kufunga. Alisema kuanzia Jumatatu kila fundi atie alama yake kwenye kazi yake, na mimi nije na kalamu ya kusainia mkataba. Deo amechagua rangi ya kijani. Bosi mwenyewe amejitwalia bluu, ingawa hagusi spana.

Sasa nije kwako. Lile kopo lako chini ya benchi, lile kubwa, lina vidude vyeusi vingapi? Mimi nilipokuwa darasa la saba lilikuwa limejaa nusu. Wewe ulisema huenda ni uzito wa kusawazisha tairi, nami nikaridhika. Kila kimoja kina gari lake, Baba! Kila gari lina taa inayowaka, na mwenyewe kaibandika plasta, na anamlaani fundi umeme wake. Nilipowaza hivyo nilicheka peke yangu hadi mwenye nyumba akagonga mlango.

Usihuzunike. Wakati unaanza kazi hii vitu hivi havikuwepo, na tyubu zako zimewafikisha watu wengi makwao. Ila kuanzia sasa, ukiona valvu ya chuma yenye nati kwa nje, usiing'oe. Sugua rimu, paka gundi. Nimempa Shija makopo mawili ya gundi hiyo akuletee, na humu ndani ya bahasha nimeweka sensa moja iliyokufa, uishike mkononi uone. Sasa unalijua jina lake. Zile za koponi usizitupe, utawarudishia wenyewe wakipita.

Mwambie Mama aanze kutafuta kitambaa cha safari, macho yake yatatazamwa kabla mvua hazijaanza. Msalimie shangazi muuza chai, na umwambie hapa chai ni ya maziwa lakini mkono wake sijauona. Kaka yangu mkubwa asimame kwenye zamu ya upepo ili mgongo wako upumzike, na mdogo wetu wa mwisho asiguse kopo. Babu mzaa mama msomee barua hii yote, ruka tu pale nilipokukasirikia.

Hapo chini nimetia alama kwa rangi ya kucha, nimengoja ikauke kabla sijaikunja. Hii ni kazi yangu. Ukikuta ina kosa, irudishe kwangu, sitakana.

Asante, Baba. Wabeja sana.

Binti yako,
Kabula ●