Jina Lililofaulu Bila Mwenyewe

Alhamisi, Gitega. Kiangazi kimekaza. Asubuhi baridi inapasua midomo, mchana vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye chai.

Leo sina hata hamu ya kukusalimu, shajara. Nina hasira, na ninayemkasirikia ndiye aliyeshika kalamu hii.

Saa nne asubuhi Mama Hadija ametokea shuleni kwetu. Amekuja kutoka Gashoho, kule Muyinga, juu ya lori la maharage, siku mbili njiani kwa sababu ya vizuizi vya askari. Kichwani alikuwa na ndoo ya plastiki yenye kifuniko, ya buluu, mpya. Ubavuni mwa ndoo fundi amemwandikia kwa rangi nyeupe: NIYONKURU HADIJA. Anayepelekwa shule ya bweni lazima awe na ndoo yake yenye jina, ama sivyo siku ya pili imeibiwa. Kila mzazi wa nchi hii analijua hilo.

Alikuwa amekuja kumpa pongezi mwanawe.

Nianze mwanzo, maana nikiandika kwa pupa nitajipendelea. Konkuru, ule mtihani wa taifa wa darasa la sita unaoamua nani aende sekondari na nani abaki na jembe, matokeo yake yalibandikwa wiki iliyopita kwenye ukuta wa ofisi ya ukaguzi. Shule yetu ya serikali, iliyokuwa inaburuta mkia mwaka jana, safari hii imepanda juu kabisa. Jina la kwanza kwenye orodha yetu ni Niyonkuru Hadija, amezaliwa Gashoho, Muyinga. Muuza vitenge mmoja anayezunguka masoko yetu na ya Muyinga akalisoma. Akalibeba mpaka soko la Gashoho, akamfikishia mama mtu pale pale kwenye meza yake ya chumvi na sabuni.

Hadija hajawahi kukanyaga shule yetu.

Nilimfundisha mimi, kweli, lakini huko huko Gashoho, kabla vita havijatufikia. Alikuwa na tabia ya kujibu kabla swali halijaisha, na mara nyingi alikuwa anajibu sawa. Mama yake ndiye aliyekuwa mzazi wa kwanza kuniletea karatasi ya kuzaliwa ya mtoto kwa ajili ya kuandikishwa konkuru, miezi kabla haijatakiwa. Aliniletea kwa mikono miwili. Nikaiweka ndani ya daftari la mahudhurio isije ikakunjika.

Asubuhi milio ya risasi ilipoanza, watoto walitoka madirishani. Mimi nilikimbia na daftari kwapani, viatu nikaviacha. Hadija hakuonekana tena. Wengine walisema alivuka mpaka na waliokimbilia Tanzania. Wengine walisema kuna watoto walibaki bondeni. Sikuuliza zaidi. Nilirudi kwetu Gitega, nyumbani kwa baba, mtaa wa Musinzira, nikashukuru kuwa hai, na moyoni nikashika ile habari ya pili. Ilikuwa nyepesi kwangu. Mtoto aliyekufa humtafuti.

Miaka mitatu sasa.

Sasa nikueleze jinsi shule zetu zinavyoendeshwa, ingawa kila mwalimu anajua na hakuna anayesema. Kila mwaka shule hupangwa kwa asilimia ya waliofaulu. Zilizo juu ndizo zinazopata madawati, chaki na bati. Zilizo chini zinaambiwa zijitahidi. Kwa hiyo shule ambayo watoto wake wanaandikia magotini inashindwa, na kwa kuwa imeshindwa inaendelea kuandikia magotini. Wazazi wanatoa ada yao kila muhula, inapanda kwenda wilayani, na ikishapanda hairudi. Mtu akiuliza kwenye mkutano, jibu ni moja: nchi iko vitani. Vita vimekuwa blanketi, kila mwizi anajifunika.

Ndiyo maana wakuu wa shule wamejifunza kutengeneza asilimia. Watoto dhaifu wanaambiwa wasiandikishwe, wangoje mwaka mwingine. Na watoto wenye akili ambao wameshamaliza nafasi yao ya kurudia darasa, hao wanavikwa jina. Ndivyo tunavyosema sisi kwa sisi, "kumvika mtoto jina." Unachukua jina na karatasi za mtoto aliyepotea, aliyehama, aliyekufa, unamwandikisha kwa hilo. Vita vimetuachia majina mengi yasiyo na watu.

Espérance, mwanafunzi wangu, anatoka Bugendana. Anatembea kilima kwa kilima kuja shule, na anafika kabla ya watoto wa mjini. Alikuwa amerudia darasa la sita mara moja kwa ajili ya malaria. Mwaka jana, siku ya konkuru, kulikuwa na mapigano kwenye kilima chao, askari wakafunga njia, akafika karatasi zinakusanywa. Kwenye kitabu imeandikwa: ameshindwa. Kanuni haina sehemu ya kuandika risasi. Kurudia mara ya pili hairuhusiwi, basi kwao akawa mtoto wa kulima.

Mkuu wa shule, tunamwita Direkta, akaniita ofisini akafunga mlango. Aliniuliza kama bado nina lile daftari langu la Muyinga. Akasema mtoto kama Espérance ni dhambi kumwacha. Akasema pia kwamba kuna nafasi ya naibu wake inakuja, na kwamba kuna mtu atatakiwa kwenda kufundisha vilimani ambako walimu wanakimbia.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilifanya kwa huruma. Huruma ilikuwepo. Lakini niliogopa vilima, na niliutaka unaibu, na ndani ya daftari lote kulikuwa na karatasi moja tu ya msichana wa umri ule. Niliivuta pale ilipokuwa. Haikuwa imekunjika hata pembe.

Mimi Mwislamu, nimemvika msichana wa kanisani jina la Hadija. Hata hilo halikunishtua. Nilimfundisha kulisaini, nikamzoesha kuitika. Kila asubuhi nilipoita majina, Hadija, anajibu, "Niko." Mwezi wa kwanza alikuwa anachelewa kidogo. Baadaye hakuchelewa.

Turudi kwenye leo.

Waliofaulu walikuwa wamekuja kujaza fomu za bweni. Walikuwa wanacheza uani. Mimi nilikuwa darasani, nikamwona Mama Hadija dirishani akiingia getini na ndoo yake, nikamtambua kwa mwendo. Nilikuwa na muda wa kutoka na kumzuia, shajara. Nilikuwa nao. Nilibaki nimeshika ukingo wa dirisha.

Akasimama katikati ya ua, akaita kwa sauti ya sokoni: "Hadija!"

Na Espérance, mgongo umemgeukia, akageuka akajibu, "Niko."

Sina la kufanya na uso ule wa mama niliouona. Kwanza ulifunguka. Halafu macho yakashuka shingoni kwa mtoto, kwenye rozari, yakapanda tena usoni, yakatafuta, yakatafuta. Ndoo haikuanguka. Aliishusha polepole, akaiweka chini, akabaki ameshika kifuniko.

Nilimkalisha kwenye benchi la wageni. Nilimweleza yote, maana uongo ungetoka wapi? Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia getini pale. Alisikiliza bila kulia. Nilitaka alie. Nilipomaliza akaniuliza kitu kimoja, taratibu kabisa.

"Mwalimu, nani alikwambia mtoto yangu amekufa?"

Nikasema hakuna, mama.

"Hakuna. Basi mi mama yake sijamzika, we mwalimu ulishamzika. Na karatasi yake ukagawa."

Akaendelea, na hapa alikuwa anaongea kama mtu anayepanga safari, si kama mtu anayenilaumu.

"Nirudishie ile karatasi. Watu ya Tanzania wameanza kurudi, kidogo kidogo, kila juma naenda kuangalia malori. Siku Hadija anavuka, atawaonyesha nini? Atasema yeye ni nani?"

Karatasi iko kwenye faili ya Espérance, ofisi ya ukaguzi. Haiwezi kutoka bila mimi kusema kwa nini naitaka. Nikisema, mtoto yule wa Bugendana anafutwa, na hapo hakuna tena shule itakayompokea. Nisiposema, Hadija akirudi atakuta Hadija mwingine yuko bweni tayari, anasoma, na yeye mwenyewe hana hata jina la kujiandikishia. Nilimwambia Mama Hadija hivyo hivyo. Alifikiri. Kisha akamwita Espérance, aliyekuwa amejibanza nyuma ya nguzo, akamshika kidevu.

Alimuuliza kama mtihani ulikuwa mgumu. Espérance akasema hesabu zilikuwa ngumu.

"Hadija hesabu alizipenda," akasema mama, akamwachia. Akaenda zake. Amefikia kwa ndugu wa marehemu mumewe, mtaa wa pili kutoka kwetu, na anangoja karatasi mpaka Jumamosi, lori litakaporudi Muyinga. Ndoo ameniachia mimi. Sikuthubutu kumuuliza ameiacha kwa ajili ya nani.

Direkta nilimkuta anahesabu viti vya wageni. Kesho mkaguzi anakuja na madawati arobaini, zawadi ya ushindi wetu, kutakuwa na hotuba na soda, na mtoto wa kwanza atatoa shukrani mbele ya watu. Nilimweleza. Akaniambia nimpe yule mama nauli na kilo mbili za sukari, atachoka, wote wanachoka. Akasema nikifungua mdomo tunaondoka wote wawili, na mtoto anarudi kwenye jembe, na madawati yanarudi kwenye lori. "Mwalimu Zuhura," akasema, "madawati arobaini, kila moja watoto watatu. Piga hesabu." Ubaya wa Direkta ni kwamba hesabu zake huwa sahihi.

Aisifuye mvua imemnyeshea, wanasema wazee. Mimi nilikuwa naisifu elimu kila mkutano wa wazazi, tena kwa sauti. Sasa najua aliyekuwa analoa ni nani.

Nilipotoka, Espérance alikuwa ananingoja barabarani. Tulitembea mpaka njia panda ya kwao. Nilidhani ataniomba ninyamaze. Ana haki ya kuomba, ametembea miaka minane kufikia ukuta ule wa matokeo. Hakuomba. Aliniambia tu, macho chini: "Mwalimu, nyumbani wakiniita Espérance siku hizi sigeuki. Mama amesema nimekuwa na kiburi."

Kisha akauliza kama Hadija alikuwa mrefu. Nikasema hapana, alikuwa mfupi, na alikuwa anajibu kabla swali halijaisha. Akaitikia kwa kichwa kama anayepokea salamu za mtu, akashika njia ya Bugendana.

Wasichana wawili, na mimi nimewapunguza wote wawili. Mmoja nimemnyang'anya jina, mwingine nimemnyang'anya lake kwa kumpa la mwenzake. Na asilimia imepanda.

Nimelitoa lile daftari la Gashoho chini ya kitanda. Nilikuwa sijalifungua tangu nilipoivuta karatasi. Nimetafuta ukurasa wa siku ile ya milio. Niliita majina saa moja na nusu, kama kawaida, watoto wakiwa bado wanapiga miayo. Mstari wa Hadija una alama ya kalamu ya buluu. Yupo. Baada ya hapo kurasa ni nyeupe, kwa sababu sikuita tena.

Sijawahi kumwandika hayupo. Siku ya mwisho niliyomwita, aliniitika.

Kesho nitakwenda ofisi ya ukaguzi kabla lori la madawati halijapakiwa, nimwombe mkaguzi ile karatasi, na nimwambie ni mimi niliyeitoa. Nitamwambia na habari ya njia iliyofungwa siku ya mtihani, amwandike Espérance kwa jina lake na kwa alama zake, maana alama ni zake. Najua atacheka. Najua kanuni haina sehemu hiyo. Najua pia woga wangu, nimeishi naye muda mrefu, ataamka kabla yangu na kuniandalia sababu nzuri za kubaki nyumbani.

Kwa hiyo nimeiweka ndoo mlangoni, upande wa jina umenitazama. Siwezi kutoka bila kuisogeza kwa mkono.