Nyundo ya Mama

Kaka,

Salamu zako zimefika; wewe bado. Sisi wazima, ila mguu wa Mama. Mbuzi kazaa mapacha. Jiko halipo tena.

Mwenyekiti ametusomea ripoti yako ya mmomonyoko. Kilima chetu cha udongo mwekundu umekipa daraja la chini kabisa: hatari ndogo. Kila miezi mitatu ulikuja kupima vigingi ulivyopigilia shambani, ukaondoka kama mtu aliyefuata moto. Udongo ukiliwa na mvua, vigingi vinachomoza. Vyako havikuchomoza, ukaridhika.

Ungekaa unywe chai, Mama angekwambia. Kila mvua ilipoviacha wazi, alivigongelea chini kwa nyundo. "Aibu mwanangu akute kazi yake imelegea."

Basi udongo ukaondoka kidogo kidogo mpaka msingi wa jiko ukabaki hewani, na ukuta ukamwangukia Mama mguuni.

Yeye simlaumu. Msomi ni wewe.

Jana mvua ilinyesha tena. Mama kachungulia dirishani toka kitandani, akaniita: "Vigingi vya kaka yako vimechomoza. Niletee nyundo."

Sijampa. Kwa nini, utamwambia wewe.

Mdogo wako, anayempikia Mama nje