Mfupa Ulioandikwa Mzizi

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI, CHAMA CHA WAVUNJA KOKOTO

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni
Mahali: Ofisi ya machimbo, saa 4:10 asubuhi (kilipangwa saa 3:00, Mwenyekiti alikuwa akitafuta miwani)
Waliohudhuria: Mwenyekiti, Mweka Hazina, Fundi Baruti, Katibu
Hakuwapo: Msimamizi wa Mizani (anamwoza binti yake)
Mwalikwa: Mama Kokoto, aliyesimamishwa uanachama kikao kilichopita

KUMB. NA. 1/6: KUMBUKUMBU ZILIZOPITA

Katibu alisoma kwamba kitu alichookota Mama Kokoto ni "mzizi wa mbuni uliogeuka jiwe", na kwamba alisimamishwa kwa kuzuia ulipuaji siku tatu kwa ajili ya mzizi. Alipoulizwa, Katibu alieleza kwamba mtaalamu wa makumbusho, aliyetumiwa picha, alisema kwa simu, "Ni kama wa mbuni," huku mashine ya kusaga mawe ikinguruma. Mama Kokoto alisema, "Wifi, umekulia kwenye kahawa, basi kila mbuni kwako ni mti!" Wajumbe walicheka. Katibu hakucheka.

KUMB. NA. 2/6: BARUA YA MAKUMBUSHO

Mwenyekiti alisoma kwamba ni mfupa wa kidole cha mguu wa dinosaria aliyefanana na mbuni, yule ndege, na kwamba huenda mwili wote umelala palepale. Mfupa, uliokuwa ukikandamiza karatasi za Katibu, ulifutwa vumbi na kupitishwa mkono kwa mkono.

Fundi Baruti alisimama bila ruhusa. "Mama, ulipokaa juu ya lile shimo la baruti nilikuita mwehu mbele za watu. Nisamehe. Ningelipua, saa hizi huyu mnyama angekuwa kokoto."

Mama Kokoto alijibu, "Yamekwisha. Nataka nyundo yangu na nafasi yangu, basi."

KUMB. NA. 3/6: UANACHAMA

Katibu aliomba iandikwe kwamba kosa ni lake. Alikiri, bila kuulizwa, kwamba hakupiga simu tena kuhakikisha kwa kuwa yeye na wifi yake hawakuwa wakisemezana tangu Machi. Mama Kokoto alisahihisha: tangu Februari. Sahihisho lilikubaliwa.

Ilipigwa kura arudishwe leo hii, na asimamie eneo la mifupa. Wote waliafiki. Katibu aliinua mikono miwili; Mwenyekiti aliagiza uhesabiwe mmoja.

KUMB. NA. 4/6: CHOO

Iliahirishwa. Vigelegele vilizidi, hakuna aliyesikia.

Wajumbe walitawanyika saa 5:20.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (sahihi; wino umelowa machozi ya furaha, naomba nisiulizwe)