Kuku Niliyemla na Kabureta ya Babu

Shirere, Kakamega
Jumapili jioni

Kwa mume wangu Babu,

Shikamoo. Usiikunje barua ukaitia mfukoni ukajifanya huna habari, isome hapo hapo barazani na Bibi akusikie. Yeye anajua kwamba mimi ndiye mke mdogo, na hana la kunifanya nikiwa mbali hivi. Goti lako lasemaje? Mjomba aliniambia kwenye simu kwamba umeanza tena kupanda mkorosho, na ukiulizwa wasema ulikuwa unaangalia tu. Babu, mkorosho huangaliwa mtu akiwa chini. Sarafu ziliniishia kabla sijamwambia akushushe.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi, na nimenenepa hata gauni la Idi limenibana. Idi yenyewe niliswalia Mumias, ambako Waislamu ni wengi, nikapewa pilau na watu nisiowajua. Siku nyingine nakula sima ya huku, wanaiita obusuma, pamoja na mrenda, ile mboga ya kuteleza, na sasa nimezoea hata nikiukosa nauuliza. Mvua hunyesha karibu kila alasiri, watu huanua nguo zao bila kutazama juu, wanajua tu. Chumba changu hakivuji. Majirani ni wanafunzi, wana kelele lakini wana adabu.

Sasa habari ya mke wako wa tatu, yule mwekundu wa magurudumu mawili uliyenikabidhi pale Msambweni. Usishtuke, yu hai. Yuko hapo nje ukutani, nimemfunika turubai. Lakini nusura tumzike, nami ningefungasha virago, maana neno lako nalikumbuka vizuri. Baba zangu wadogo walipokataa katakata mtoto wa kike asije bara kwa watu asiowajua kupandisha ng'ombe, ni wewe uliyekata shauri. Ulinipa ufunguo mbele yao ukasema, pikipiki hii ikifa, siku hiyo ndiyo ya kurudi, na pasiwe na mjadala. Wao waliridhika kwa kuwa waliiona kuukuu, tangu enzi zako za ubwana afya, haimalizi mwaka. Mimi niliridhika kwa kuwa naijua.

Kazi ni ile ile. Nabeba mtungi wenye mbegu za mafahali ndani ya baridi kali, na ng'ombe wa mtu akianza kulia akitaka dume, mwenyewe huja mbio kuniita. Ng'ombe hangoji, Babu. Leo yuko tayari, kesho hana habari nawe, na mkulima amekosa ndama. Ndiyo maana pikipiki. Wazee wa huku wamenibandika jina la Fahali wa Pikipiki, nami huitika, maana nikinuna watalizidisha.

Basi mvua zilipoanza, pikipiki ikawa inachoka mlimani. Nikajua ni breki zinashika na mnyororo umelegea, mambo madogo, ila spana zangu hazikutosha. Nikampelekea fundi mmoja mwenye gereji karibu na soko, jina lake Shivachi. Kijana nadhifu, mdomo asali. Alinivutia kiti, akaisifu pikipiki, akasema vyuma kama hivi havitengenezwi tena, akanambia nije kesho. Ukisikia fundi anasifu chuma chako, Babu, shika chuma chako uondoke. Lakini mimi niliona fahari, nikaiacha.

Kesho yake nikaenda, imefunguliwa vipande vipande hata zile sehemu ambazo hazikuwa na ugonjwa. Keshokutwa, umeme umepotea. Mara spea inatoka Kisumu. Mara kuna matanga kwao, na huku matanga hayana haraka. Kisha mzee mmoja ninayemhudumia ng'ombe wake akaniuliza kwa upole mbona Jumamosi aliiona pikipiki yangu uwanjani kwenye mchezo wa kupiganisha mafahali, lakini sikuwa mimi niliyeipanda, walikuwa wanaume wawili na ngoma. Hapo nilipandwa na mashetani. Nilikwenda gerejini nikasimama mlangoni mpaka ikafungwa skrubu ya mwisho, nikalipa, nikaondoka bila kwaheri.

Haikupita wiki. Nilikuwa njiani kwenda Buyangu, upande wa msitu, ng'ombe wa mjane mmoja alikuwa amelia tangu alfajiri. Nikafika kwenye kilima, pikipiki ikakohoa, ikatema moshi, ikazima. Nikapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Nikakaa kando ya njia nikaifungua kabureta, maana hiyo ndiyo uliyonifundisha kuisafisha tangu nikiwa na meno ya utoto, ukiniahidi visheti usivyonunua. Babu, haikuwa yetu. Yetu ninaijua kwa kuipapasa tu. Hii ilikuwa imelika, imechomelewa ubavuni, na sindano yake ya ndani imepinda. Yule mdomo asali alikuwa ameing'oa kabureta yako nzima, akanipachikia taka. Nililia pale pale, sikujali nani apita. Kabureta ile haipatikani tena madukani, wewe mwenyewe ulinambia. Na bila hiyo pikipiki ni chuma cha kukalia kuku, na mimi ni wa kurudi nyumbani.

Mwana wa yule mjane alinifuata na baiskeli, akaupakia mtungi, nami nikatembea nyuma. Ng'ombe tulimwahi, na pikipiki ikarudishwa kwangu juu ya mkokoteni.

Nilipomkabili Shivachi aliapa kwa Mungu wake na kwa wangu pia. Ati hiyo ndiyo iliyokuwanga tangu mwanzo, ati mimi ni mwanamke, nitajuaje. Nikamwambia nitakwenda kwa naibu wa chifu. Lakini nikafikiri, kwetu mtu huanza kwa wazazi. Nikaulizia kwao, nikaelekezwa kwa mama yake, mjane, nyumba ya pili kutoka kisima cha kanisa.

Mama Shivachi alinipokea kama aliyekuwa akinitarajia. Nikapewa chai ya maziwa matupu. Nikaeleza yote, naye akasikiliza ameinamisha kichwa, hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alitoka nje, nikasikia kuku akifukuzwa. Akarudi na jike mnene na kisu, akanambia anajua sisi Waislamu hatuli kuku aliyechinjwa na wao, basi nichinje mwenyewe. Babu, mimi na kuchinja wapi na wapi? Kwetu hata kisu hicho nisingepewa. Lakini Mwislamu mwingine pale hapakuwa, na yule mama amesimama na kuku wake anangoja. Nikaelekea kibla, nikasema bismillahi. Mwambie shehe wetu asinune, nilichinja vizuri.

Kuku huyo wao humwita ingokho, na kumpikia mgeni ni heshima kubwa. Walikuja shemeji zake wawili, wakaomba kwa dini yao, tukala. Nilikuwa na njaa ya siku nzima na hasira ya wiki nzima. Nikala paja, nikala mchuzi, nikaongezwa nikala. Wale wazee walikuwa wakinitazama kila ninapomeza, nikadhani ni ushamba wao. Wakati wa kuondoka mama alinishika mikono yote miwili, akanambia Mungu anibariki kwa moyo wangu mkubwa. Nikasema amina. Moyo mkubwa wa nini, sikujua, nikadhani ni kwa kule kula.

Kesho yake nikaenda kwa naibu wa chifu. Ni mtu mpole, kofia yake huiweka mezani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu, akaniuliza swali moja tu.

"Kwa Mama Shivachi, kuku ulikula?"

Nikajibu ndiyo, tena mtamu. Watu waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Naibu hakucheka. Akanambia kwamba huku kwao watu wakikosana na nyumba ya mkosaji ikachinja, aliyekosewa asiporidhika haoshi mikono. Anakaa tu, anatazama, mpaka maneno yaishe. Mimi nimeosha, nimekula, nimeongezwa, na wazee wawili ni mashahidi. Kesi imekwisha, na imekwisha kwa mimi kusamehe. Nikamwambia, mheshimiwa, nilikula kuku, sikula kabureta. Benchi zima likashika mbavu. Nami nikatoka pale nimeiva uso, najiona mjinga wa wajinga. Kwetu mgeni hulishwa kwanza, habari baadaye, na asiyekula ndiye mwenye ubaya. Nani angenambia?

Usiku ule nilianza kukunja nguo. Sikufichi, Babu, nilitandika lile sanduku la bati kitandani nikakunja kanga mbili, nikashindwa na ya tatu.

Asubuhi nikasikia hodi. Ni Mama Shivachi, amekuja kwa miguu, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Hakutaka kukaa. Aliniuliza, kwa sauti ya mtu aliyeumia, nimewezaje kula kwake kisha nikaenda kumshtaki kwa serikali. Nikamweleza desturi yetu, kwamba mimi nilikula kama mgeni tu, sikujua kama ninatoa hukumu. Alinitazama sana. Kisha akakaa, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso, na mimi nikacheka, maana ungefanyaje? Akasema mwanawe alimwambia ni kutoelewana tu, na aliponiona nakula hivyo alimshukuru Mungu kwamba hakuna wizi ndani ya nyumba yake.

Akauliza, "Hiyo kitu alichukua kweli?"

"Kweli, mama."

"Basi sikia. Mtu akishakula kwangu vile ulikula, huyo ni msichana wa kwangu. Msichana wa kwangu hawezi peleka ndugu yake kwa chifu. Lakini anaweza niambia mimi."

Akavaa viatu vyake, tukaondoka, mimi nikiisukuma pikipiki.

Babu, nitakuwa mzee bado naisimulia siku ile. Aliingia gerejini, hakupandisha sauti, hakumtukana mtu. Aliomba kigoda, akakiweka katikati ya mlango, akafungua kikapu chake, akaanza kubambua maharagwe. Kila mteja aliyekuja ilimbidi asimame kumwamkia, ni mama wa kanisa, hapitwi hivi hivi. Kila aliyemwamkia alimuuliza anangoja nini. Naye akajibu kila mmoja, kwa upole ule ule, kwamba anangoja kabureta ya msichana wake. Wateja walitazamana, wakakumbuka kazi zao kwingine. Mwendesha trekta la miwa aligeuza trekta lake zima akaenda. Shivachi mwanzo alijifanya hasikii, akagonga gonga chuma kisicho na kazi. Kisha akamwomba mama arudi nyumbani, mvua inakuja. Mama akasogeza kigoda ndani kidogo, akaendelea.

Mvua ilipokuwa inapungua, Shivachi alikwenda nyuma ya gereji akaivuta pikipiki yake mwenyewe, aina ile ile kama yetu, ila ya juzi juzi kidogo. Kabureta yako ilikuwa humo, Babu, inang'aa. Aliing'oa, akaiosha kwa petroli, akaifunga mahali pake, na breki akazirekebisha tena bila kuambiwa. Hakuniangalia. Nilipiga kiki moja tu, ikaitika, na mimi nikapiga kigelegele bila kukusudia. Mama Shivachi aliuliza kama imekamilika. Nikamwambia imekamilika. Akafunga kikapu chake akasema hayo maharagwe ni yangu, nikapike.

Shivachi siku hizi ananiita dada, kwanza kwa kulazimishwa na sasa nadhani kwa moyo. Alipata ng'ombe mmoja wa mahari ya mdogo wake, akanifuata mimi nimpandishe. Nilimpandisha vizuri kabisa, ng'ombe hana kosa. Pikipiki yangu hata hivyo naifunga breki mwenyewe, nimenunua spana.

Nisalimie Bibi, mwambie dawa yake ya kifua naitafuta. Msalimie mama, asilie akisomewa barua, sijafa. Msalimie mjomba wa dukani kwa kunipokelea simu, shangazi mkunga, na mdogo wangu wa mwisho, mwambie asome, nikija nitamkagua madaftari. Baba zangu wadogo wasalimie pia, waambie pikipiki inakwenda.

Na sasa lile lililonifanya nikaandika badala ya kupiga simu. Siku zote zile ambazo pikipiki ilikuwa imekufa, kazi haikusimama. Watu walikuja na baiskeli kunichukua mlangoni, wengine walikuja kwa miguu wakaubeba mtungi begani, nasi tukaenda tukizungumza njia nzima. Hakuna ng'ombe niliyemkosa. Na asubuhi ile Mama Shivachi aliponikuta na sanduku kitandani, sikuwa naumwa na kabureta. Nilikuwa naumwa na kuondoka. Ile kanga ya tatu ilinishinda kwa sababu sikutaka kurudi, mume wangu, na kama kabureta isingepatikana ningevunja neno nililokupa, ningebaki hapa nikatembea kwa miguu. Sipendi kukaa mahali kwa kuruhusiwa na chuma. Nakuomba uliondoe lile sharti, mbele ya wale wale uliolitamka mbele yao. Useme niko huku kwa sababu napapenda, na kwamba wewe umekubali.

Mimi mkeo mdogo, asiye na haraka,

Mwanasha